Nyanya Anaanguka

Mpaka rangi mmoja alikuwa bingwa wa maghorofa. Alipanda jukwaa kama wewe unavyopanda kitanda, na akipiga mluzi huko juu, ndege walinyamaza wajifunze. Siku moja ubao ukamgeuka. Akaanguka, mguu ukavunjika. Mguu ulipona, daktari akamwambia asimame, lakini yeye akageuzia ukuta uso. Alisema dirisha la chumba linamvuta shati. Walikaa ghorofa ya tatu.

Mkewe, fundi cherehani, hakuogopa njaa, maana cherehani kiliwalisha. Aliogopa kuona mtu mzima anazimika polepole, kama taa iliyokaukiwa mafuta. Akang'oa droo mbili za kabati kuukuu, akazitoboa chini kwa msumari, akazijaza udongo na mbolea, akazipanga nje kwenye ukingo wa dirisha hilo la chumba na kuzifunga kwa mabaki ya vitambaa.

"Hilo fundo la nepi," mume akasema kutoka kitandani.

"Basi njoo ufunge la kwako."

Akajifunika shuka.

Fundi alipanda kama anavyoshona. Alivuta uzi juu ya udongo ili mstari usipinde, akatoboa kwa ncha ya mkasi, mbegu moja tundu moja: mchicha, giligilani, mrehani, nyanya pembeni, na maua ya manjano ambayo hata aliyemuuzia mbegu hakuyajua jina. Mbegu ya mchicha mnaijua? Ukipiga chafya umepoteza shamba zima.

Asubuhi moja udongo ukapasuka. Viumbe vyembamba kuliko uzi vilikuwa vimejitwisha mabonge ya udongo kichwani, kama wachukuzi na magunia yao. Fundi aliacha gauni la bibi harusi likining'inia kwenye sindano.

"Baba watoto, njoo uone! Kamenyanyua jiwe!"

"Niletee hapa."

"Nikuletee dirisha kitandani?"

Aliyekuja kuona ni mama yake mpaka rangi. Aliishi nao, na wajukuu walikuwa wameizoesha nyumba nzima kumwita Nyanya, mwanawe naye akiwemo. Akavuta kiti dirishani, na tangu hapo hakikuhama. "Nimezaa, nimezika, nimeona mengi," alisema, "lakini huyu ametoka gizani na anajua jua liko wapi. Nani kamwambia?" Mrehani ulipokomaa ulinukia mpaka wagomvi wakipita chini wakasahau walichogombania.

Ng'ambo ya barabara alikaa fundi viatu, mtu mwema sana, ila kwake kila kitu kilikuwa mtu. "Kiatu amechoka, mama. Soli amekufa, na gundi hajafika." Wateja walimcheka, naye akacheka nao, na viatu vikapona.

Basi nyanya zikazaa. Zikazaa mpaka droo ikainama kama mjamzito wa mapacha. Na vile vitambaa, kwa kumwagiwa maji kila siku, vilikuwa vimeoza kimyakimya. Siku hiyo fundi cherehani alikuwa sebuleni akimpima mteja, mdomo umejaa pini. Fundo likaachia. Fundi viatu akainua macho, akapiga yowe:

"Ghorofa ya tatu! Nyanya anaanguka! Mkamateni, anaanguka!"

"Mama!"

Shuka lilibaki hewani, mwenyewe alishafika dirishani. Nusu ya mwili ikatoka nje, mikono ikadaka kilichokuwa kikienda, na udongo ukamwagikia barabara.

"Mimi niko huku, mwanangu," sauti ikasema nyuma yake. Nyanya alisimama mlangoni, ametoka jikoni na ungo wa mchele. "Lakini nimefurahi kujua ungenidaka."

Mwanawe alikuwa amekumbatia droo, na barabara iko chini kabisa, pale pale alipoiacha. Puani mwake mlijaa mrehani. Nyanya nyekundu zilimgusa shavu, zina joto la jua. Kwenye ua la manjano alitua nyuki, manyoya yamejaa vumbi la dhahabu. Akazama, akatoka, akajipangusa uso, akajiachia hewani. Mpaka rangi akamfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Kapanda mpaka huku," akanong'ona. "Hana ngazi, hana kamba."

Kisha akaita: "Mama watoto, njoo uone!"

"Niletee hapa!" fundi akajibu, na pini zote zikamtoka mdomoni. Alipofika, alimkuta mumewe amesimama kwa miguu yake miwili, kichwa kiko nje kwenye jua. Akasahau kucheka.

"Nipe kamba yangu ya kazi," mume akasema, macho yakiwa bado juu. "Fundo lako la nepi nusura liniulie mama."

Kutoka chini sauti ikapanda: "Jamani! Nyanya amepona?"

Nyanya akachomoza kichwa kando ya mwanawe.

"Amepona! Na droo naye hajambo!"