Bernadeta na Skrubu za Namba Kumi

Bernadeta Shimba alikuwa na ukucha mmoja, wa kidole gumba cha mkono wa kulia, ambao mafundi wa Mkuyuni waliuamini kuliko rula. Ukimpa skrubu, aliupitisha ukucha ule juu ya nyuzi zake mara moja tu, taratibu, kisha akakuambia kama ni ya milimita au ya inchi, na imetoka kwenye mashine ya aina gani. Ujuzi huo aliupata katika miaka kumi na sita ya kukaa nyuma ya kaunta ya stoo ya vipuri, kwenye kinu cha kuchambulia pamba cha ushirika, hapo hapo mjini Mwanza. Aliingia akiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, akatoka mwaka tisini na tano akiwa mama wa watoto wanne na barua mkononi.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, wakulima wakawauzia, na ushirika ukabaki na vinu visivyo na cha kuchambua. Watu zaidi ya mia moja walipunguzwa siku moja. Wengine walilia, wengine walikwenda kulewa. Bernadeta aliomba siku tatu za kukabidhi. Alihesabu stoo nzima, droo kwa droo, kuanzia mikanda ya mashine hadi skrubu ndogo za kufungia vifuniko vya swichi, akaandika yote kwa mkono wake, akatia sahihi na kumkabidhi ofisa funguo. Ofisa alizitia mfukoni bila hata kufungua daftari. Bernadeta aliondoka akijiambia kwamba mali ipo, imeandikwa, na atakayekuja ataikuta.

Tangu hapo alikuwa na meza yake Mkuyuni, makopo thelathini ya skrubu, nati na bolti kuukuu alizonunua kwa wauza vyuma chakavu na kuzichambua mwenyewe. Mume wake, Venant, alikuwa mpishi katika chuo cha ualimu cha Butimba. Maisha yalikwenda.

Siku moja, mwezi wa nane mwaka tisini na nane, akafika mezani pake kijana mmoja mwenye shati la mikono mirefu na uso wa mtu asiyelala. Alisema anaitwa Msafiri, ni fundi mitambo, ametoka Dar es Salaam.

"Shikamoo mama. Nimeelekezwa kwako na Iqbal, yule mwenye duka la vifaa pale mjini."

"Marahaba. Iqbal akishindwa ndiyo ananitumia watu. Ameshindwa nini?"

Msafiri alimweleza. Kampuni yake ilikuwa inaleta mtandao wa kompyuta Mwanza, ili viwanda vya samaki na wafanyabiashara waweze kutuma barua kwa kompyuta badala ya faksi. Mitambo ilikuwa imefika kutoka Marekani pamoja na raki yake, yaani fremu ndefu ya chuma yenye matundu huku na huku, ambayo mitambo hupangwa na kufungwa humo kwa skrubu, mmoja juu ya mwingine. Kila kitu kilifika salama isipokuwa kimfuko cha skrubu. Alipiga simu Dar, wakamtumia za milimita sita, zikagoma hata kuingia. Wakamtumia za milimita tano. Hizo ziliingia mizunguko miwili zikakwama, na alipozilazimisha, zikaharibu nyuzi za matundu manne.

"Mitambo yote iko sakafuni," alisema. "Wakubwa wanakuja Jumatatu kuona ikiwaka. Leo ni Jumatano."

"Raki hukuja nayo."

"Mama, ina urefu wa kunizidi mimi."

"Basi twende nikaiguse," Bernadeta alisema, akamwomba jirani amwangalizie meza.

Katika gari hakuuliza wanakwenda wapi. Walipokata kona ya kwanza aliona wanaelekea upande wa kinu cha zamani, hakushangaa, kwani barabara ile ilikwenda sehemu nyingi. Walipoingia getini ndipo alipojua kwamba kampuni imepanga kinu chenyewe. Mlinzi aliyefungua geti alikuwa Ngosha, aliyekuwa mfagizi wa kinu siku zile.

"Dada Berna," Ngosha alisema, akatazama chini.

Msafiri alitangulia, akafungua mlango. Bernadeta aliujua mlango ule. Alikuwa ameufungua kila siku saa moja na nusu asubuhi kwa miaka kumi na sita. Ndani palikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya rangi mpya. Kaunta haikuwepo. Rafu hazikuwepo. Yale makabati ya droo mia mbili na arobaini, kila droo na kibandiko chake kilichoandikwa kwa mkono wake, hayakuwepo. Palikuwa na kuta nyeupe tupu, sakafu ya vigae vinavyong'aa, na katikati ya chumba imesimama ile raki.

Alisimama mlangoni kwa muda. Msafiri alidhani anaogopa kuchafua vigae, akamwambia apite tu. Akapita. Akapeleka mkono kwenye raki, akaingiza ncha ya ukucha ndani ya tundu moja, akausogeza. Alichukua njiti ya kiberiti, akaiingiza pia, akaizungusha na kutazama alama zilizobaki kwenye mti.

"Hii ni inchi," alisema. "Namba kumi, nyuzi thelathini na mbili kwa inchi moja. Inafanana sana na milimita tano, ndiyo maana iliwadanganya. Mashine zetu za Kimarekani zilikuwa na vifuniko vya swichi vya skrubu hizi hizi. Nilikuwa na droo mbili zimejaa, mstari wa saba, upande huu." Akaonyesha ukuta mtupu. "Ngosha, vitu vya stoo vilipelekwa wapi?"

Ngosha alikuwa amesimama nje ya mlango, kofia mkononi.

"Makabati waliyauza kwa wauza vyuma."

"Na vilivyokuwa ndani?"

Ngosha aliikunja kofia. "Dada, sakafu ilikuwa chini, maji yalikuwa yanaingia. Fundi wa ujenzi aliambiwa anyanyue. Kifusi hakikutosha. Wakamwaga zile droo humo, kisha zege juu." Aliinua kidole, akaelekeza miguu yake Bernadeta. "Zipo hapo ulipokanyaga."

Bernadeta alitazama chini. Alijaribu kuinua mguu mmoja, kana kwamba amekanyaga kitu cha mtu, lakini hapakuwa na pa kuuweka. Alisikia Msafiri akiuliza, "Zote?" na Ngosha akijibu, "Zote, hata na daftari." Bernadeta akakaa pale pale juu ya vigae, mwanamke wa miaka arobaini, mkoba mapajani, macho makavu. Waliporudi na maji ya kunywa alikuwa bado anatazama sehemu moja. Msafiri naye alivitazama vigae. Alikuwa amehangaika siku nane kutafuta kitu ambacho kilikuwa chini ya soli za viatu vyake, na wakubwa wake wasingeruhusu vigae vipya vivunjwe.

Siku ile Bernadeta alirudi nyumbani bila kupitia mezani. Venant alipofika alimkuta amekaa kwenye kigoda, moto haujawashwa. Alimweleza mara moja tu. Venant aliwasha moto mwenyewe, akapika, na wakati wa kula Bernadeta aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Mtu anawezaje kumwaga vitu alivyoandikiwa?" Venant akamwongezea mchuzi.

Asubuhi akiwa anaoga ndipo kumbukumbu nyingine ilipomjia, ya karatasi aliyoijaza mwaka tisini na moja. Boksi nne za namba kumi, kwenda kwenye kinu kidogo cha ushirika huo huo, ng'ambo, wilaya ya Sengerema. Alimpigia Msafiri simu kutoka dukani kwa Iqbal. Saa nne walikuwa kwenye kivuko cha Kamanga.

Njia nzima alimwambia asitegemee sana. Kinu kile kilikufa mwaka ule ule waliopunguzwa. Watakuta popo na nyasi, au pengine na huko kuna sakafu mpya.

Walikuta nyasi kweli. Mabati yalikuwa yametoboka, kibanda cha kupimia pamba kilikuwa makazi ya mbuzi. Lakini kando, kwenye jengo dogo la matofali, mlango ulikuwa wazi, na mbele yake pamefagiliwa. Ndani, nyuma ya kaunta, alikaa mzee mwenye koti la kazi la bluu lililofuliwa hadi likawa karibu jeupe. Kalamu mbili zilikuwa mfukoni. Nyuma yake rafu zilipangwa moja baada ya nyingine, vibandiko vimenyooka, na palinuka grisi mbichi.

Bernadeta alimtambua mtunza stoo aliyekuwa akimtumia vipuri, akashika fremu ya mlango. "Mzee Chenge?"

"Mama stoo wa Mwanza," mzee alisema kwa utulivu, kama aliyekuwa akimsubiri tangu juzi. "Karibu."

"Shikamoo mzee. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Nipo kazini."

Bernadeta alitazama rafu, akamtazama mzee, akarudi kutazama rafu. "Mzee wangu, ushirika haupo. Tulipunguzwa wote. Ni miaka mitatu sasa."

"Nyinyi mlipewa barua," Chenge alisema. "Mimi sikuletewa. Nilikwenda kuuliza mara mbili, wakasema nisubiri. Mara ya tatu ofisi ilikuwa imefungwa."

"Mshahara je?"

"Hakuna. Nalima muhogo jioni." Alinyoosha kitambaa juu ya kaunta. "Najua kwamba umekwisha, usidhani sijui. Lakini mali hii nilitia sahihi kuipokea. Nikiiacha mlango wazi niende nyumbani, nitakuwa nimemkabidhi nani?"

Msafiri alikuwa amevua kofia yake bila kujua. Safari hii Bernadeta hakukaa chini. Alisema tu kilichowaleta. Chenge hakusimama. Alivuta kitabu cha vocha, karatasi zake zimeanza kuwa za manjano, akakisukuma mbele.

"Jaza. Nani anaomba, nani anaidhinisha."

"Mzee, hakuna wa kuidhinisha."

"Basi wewe ndiye mkubwa wa stoo niliyebaki naye. Idhinisha."

Akaandika. Chenge alisoma kila neno, akagonga muhuri uliokaukiwa wino, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya tatu, akarudi na boksi mbili zilizofungwa kwa karatasi ya mafuta. Bernadeta alitoa skrubu moja, akaipitishia ukucha. Hakuhitaji kusema.

Ijumaa mitambo yote ilisimama kwenye raki, skrubu nne kila mmoja, na yale matundu manne yaliyoharibika wakayaruka. Jumatatu wakubwa walikuja, taa ndogo za kijani zikawaka, wakapiga makofi na kunywa soda. Hakuna aliyeuliza kilichoshikilia mitambo ile. Msafiri aliwaambia hata hivyo, na kuanzia mwezi uliofuata Bernadeta akawa anaitwa siku mbili kwa wiki kutunza vipuri vya kampuni. Alikubali kwa sharti kwamba kabati la vipuri liwe katika chumba kingine.

Mwaka uliofuata mnunuzi mmoja wa pamba alinunua kinu cha Sengerema. Bernadeta alivuka siku hiyo hiyo, akamtafuta bwana yule kabla mafundi hawajafika, akamweleza kwa kirefu kuna nini ndani ya jengo lile dogo na kuna nani. Bwana yule alidhani anatia chumvi, akaenda kuona mwenyewe, akakaa ndani saa nzima. Chenge alikabidhi kwa siku tano. Aliulizwa kama angependa kubaki, akasema amechoka, anataka kulala mchana.

Alikwenda kuishi kwa binti yake. Mara moja alikuja Mwanza kutibiwa macho, akapita Mkuyuni, akakaa kwenye benchi la Bernadeta tangu asubuhi hadi wafanyabiashara walipoanza kufunga. Hawakuongea mengi. Alivuta kopo moja la skrubu mchanganyiko, akalimwaga juu ya gazeti, akaanza kuzitenganisha kwa vidole, za inchi huku, za milimita kule, na wateja wakawa wanamruka miguu.