Kamba Niliyoifunga Katikati ya Ziwa Letu

Wacheni nisimulie mwenyewe, maana najua hadithi hii imeshapanda basi la Kipling ikashuka na la Islington hapa Toronto, na kila anayeihadithia anaongeza la kwake. Ndiyo, ni mimi niliyepiga kelele kwamba nakufa maji mbele ya watu karibu arobaini, kwenye maji yaliyonifika kiunoni. Aibu niliipata, siikatai. Lakini huyo aliyewaambieni kwamba lile ni dimbwi la bata, mwambieni amekosea. Ni ziwa. Nimelinunua likiwa ziwa na nitaliita ziwa.

Tulilinunua watu wanne kwa mkulima mmoja mzee, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Toronto, ambaye alilichimba mwenyewe zamani akafuga samaki aina ya trauti, mpaka mgongo ukamkataza. Wazo lilikuwa langu (na hapo pia sitaki kusamehewa). Mimi ni mtoto wa Kigoma, nilikuwa na mwaka wa tatu nafunga maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na kwa muda wote huo maji pekee yaliyotulia niliyoyaona ni ya ndoo ya kudekia. Nikamshawishi Mzee Kasimu, dereva wa teksi, mkubwa wetu kwa umri, nikamshawishi Mama Zawadi, Mrundi anayehudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, na Bahati sikuhitaji kumshawishi, nilimwambia tu "kuna ziwa linauzwa" akaanza kutafuta viatu.

Bahati ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu la kule nyumbani, na hapa mtaani Rexdale tunakaa chumba kimoja ghorofa ya kumi na moja. Baridi yetu ya kwanza tulikuwa na koti zito moja kwa watu wawili. Yeye alilivaa zamu ya asubuhi, mimi namsubiri mlangoni mwa lifti, ananivulia, natoka nalo zamu ya mchana likiwa bado na joto lake. Na siku zote tumekula sahani moja. Nawaambieni haya ili mjue nilichokuwa nacho.

Sasa kosa. Tumeshasaini, karatasi moja, majina manne, tumesimama ukingoni tunafurahi, mimi nikasema: "Jamani, tugawane kabisa, kila mtu ajue kwake." Nilikuwa na sababu zangu. Baba yangu na mdogo wake waliachiwa shamba moja bila mpaka, wakagombana hadi baba anazikwa hawajaamkiana, na mimi niliapa kitu cha pamoja nitakachokuwa nacho kitawekewa mpaka siku ya kwanza, wakati watu bado wanapendana.

"Sudi mwanangu," Mzee Kasimu akasema, "maji unayagawaje? Hata Ziwa Tanganyika lina nchi nne, na dagaa hawaulizwi pasi."

Wakacheka. Nikakaza. Mama Zawadi akasema mwacheni mtoto acheze, basi tukapiga kura kwenye kofia ya Mzee, nikavuta kamba mbili nene zikapishana katikati ya ziwa, nikafunga madumu matupu ya mafuta ya kupikia yaelee juu, na kila dumu nikaliandika kwa rangi nyekundu jina la mwenye robo. Yule mkulima alisimama na mikono mfukoni, akaniangalia tangu asubuhi hadi nilipomaliza. Kura ilimpa Bahati pale kijito kinapoingilia, maji baridi, kina kizuri. Mimi, mwenye wazo, nilipata kona ya matete.

Siku ya kulifungua tukaalika watu. Wanakwaya wenzao Bahati na Mama Zawadi, wenzangu wa ghalani, watoto wao wanaoelewa kila ulichosema na kukujibu Kiingereza. Moto ukawashwa, Mama Zawadi akasimama na mwiko. Na mimi nilishatangaza kwamba samaki wa kwanza wa kuliwa atatoka robo yangu, msiniulize kwa nini, mdomo huu ni wangu lakini siutawali.

Asubuhi nzima sikupata hata mmoja. Nimekaa kwenye boti langu la mpira la kupuliza, nimevaa shati jeupe la mikono mirefu (la mwenye ziwa), nakamata majani. Upande wa pili wa kamba Bahati, kwenye boti la mbao la mkulima, anavuta samaki kama anaokota.

"Sudi, kuja huku kwangu," akaniita. "Huku iko mingi."

"Kila mtu kwake," nikamjibu.

"Weye, ziwa ni yetu."

"Kwako ni kwako, Bahati. Tumepiga kura."

Ukingoni wakaguna. Basi nikasogea mpaka kwenye kamba kabisa, nikarusha ndoana hapo hapo mpakani, na mara mshipi ukakaza. Mzito. Nikavuta, akavuta. Nikapaza sauti watu waone, watoto wakakimbilia ukingoni, Mzee Kasimu akasimama kwenye kiti. Kila boti la Bahati, lililoegemea kamba, linapoyumba, samaki wangu anazidi kuvuta kuelekea upande wake, na mimi roho juu, nikijua akivuka tu, kwa sheria niliyoitunga mwenyewe, si wangu tena. Hapo Bahati akainama, akashika kamba, akaanza kuinyanyua.

"Ngoja, minakusaidia apite."

Nami nikaona anamchukua. Nikasema neno, na nililisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye moto: "Mwache. Mwizi wewe."

Mwiko wa Mama Zawadi ulibaki juu. Nikasimama nivute kwa nguvu zote, boti la mpira likapinduka kama chapati, kamba ikanizunguka miguu, nikazama na kichwa, nikaibuka nikiita mama, nikiita Mungu, nikisema nakufa. Na aliyeruka ni nani? Ni yule mwizi, na viatu vyake vya kanisani miguuni. Akanishika ukosi wa shati, akaniinua.

"Simama," akasema taratibu.

Nikasimama. Maji kiunoni.

Walicheka mpaka yule mkulima akavua kofia afute macho. Bahati hakucheka. Alichukua kisu botini mwake, akakata kamba iliyonifunga miguu, akainyanyua ile sehemu, na ndoana yangu ilikuwa imenasa pale, ndani ya fundo nililolifunga kwa mkono wangu. Hapakuwa na samaki. Nilikuwa navutana na mpaka wangu mwenyewe. Akaniwekea kipande kile cha kamba mkononi.

"Samaki yako," akasema, akatoka majini.

Alirudi mjini kwa gari la Mama Zawadi. Wiki ile akapika sufuria yake ndogo, peke yake. Nilimwomba radhi kila siku, akanijibu "imeisha" kwa sauti ya kitu ambacho hakijaisha. Jumamosi nikamwomba Mzee Kasimu anipeleke, nikaingia majini nikafungua kamba zote, nikarudi na madumu yote kwenye teksi, nikayapanga mlangoni kwetu, na majina yao.

Jumapili Bahati alitoka kanisani akayakuta. Akalisoma lenye jina lake, akaingia ndani. Nilikuwa nimeshasonga ugali, sahani moja, sikujua nimeweka kwa ajili ya nani. Akanawa, akakaa, akachukua kijiko akachora mstari katikati ya ugali. "Kwako," akasema, "kwangu." Kisha akanyoosha mkono akamega upande wangu, tonge kubwa la makusudi, akanitazama kama nitasema neno. Nikamsogezea na samaki.

Sasa chekeni mpaka mchoke. Kamba majini sitafunga tena, na neno lile halitanitoka tena kwa mtu niliyevaa joto lake. Lakini kulinunua sijuti, na mnaosema wabeba maboksi wanatafuta nini na ziwa, njooni Jumamosi, mtatukuta wawili kwenye kona ya matete, hatupati kitu, na ni kwetu sote. Na ni ziwa.