Siku nane bila choo, halafu ukweni wananiwekea ugali

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kisa nimekikalia mwaka mzima kwa aibu, leo nakitoa. Sijaongeza chumvi, na mshenga wangu yumo humu jukwaani, nikidanganya atanisuta.

Nachimba dhahabu Mwakitolyo, Shinyanga vijijini. Kazi yetu ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: ukitaka kushuka duarani, usinywe maji. Duara ni shimo refu, unashushwa kwa kamba. Ukibanwa huko chini, wenzako waache kazi wakuvute juu, na utataniwa wiki nzima.

Mimi nikajifanya mjanja kuliko wote. Maji sigusi hadi jioni, na haja kubwa ikija naiambia subiri. Ikazoea kusubiri.

Msosi sasa: ugali wa sembe na nyama choma, kila siku. Mboga za majani nilikuwa naziita chakula cha mbuzi.

Ilianza taratibu. Siku mbili bila choo, tatu, nne. Nikienda natoka jasho kuliko la shimoni, napata vigololi viwili. Nikanunua vidonge duka la dawa, vikafungua, nikarudi kwenye nyama zangu, nikafunga tena. Ikafika mahali siendi mpaka nimeze.

Masanja, mwenzangu wa shimoni, akaja na diagnosis yake.

"Umerogwa, mzee. Wale wa duara la jirani wameona tunatoa mawe mazuri."

Akataka tuende kwa mganga. Siwafichi, ningeenda. Ila siku ya ukweni ilikuwa imefika.

Nilikuwa namchumbia Nyamizi, binti wa Kishapu. Barua ilishapokelewa, sasa wazee walitaka kuniona kwa macho. Nikaingia pale na mshenga wangu, nina siku nane bila choo, hata vidonge vimegoma, tumbo limekaza kama ngoma.

Ukaletwa ugali wa maana na kuku mzima. Nikala matonge matatu, nikanawa.

Baba yake Nyamizi akaangalia sahani, akamgeukia mshenga. "Huyu mchimbaji wenu anadharau chakula chetu au anaumwa? Mimi binti yangu simpeleki kwa mgonjwa."

Mshenga akabaki anakohoa. Tukaambiwa tulale, jibu tutapewa kesho baada ya chai.

Niliumia wakuu. Yule binti nampenda, na nilikuwa nakaribia kumkosa kwa sababu ambayo huwezi kumweleza baba mkwe.

Aliyeniokoa ni bibi yake. Kwetu bibi wa mchumba ni mtani wako, anakuita mume. Alinikuta nje nimeshika tumbo.

"Mume wangu, choo umeenda lini?"

Nikamwambia.

"Na maji unakunywa?"

Nikamweleza sheria ya duara. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Unga bila maji unakuwa ugali? Na tumboni ni hivyo hivyo. Hujarogwa wewe, umekauka."

Jioni ile akanipa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, pamoja na mlenda, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha, na maziwa mgando. Maji akanisimamia nikinywa kidogo kidogo, kama mtoto. Halafu akanitembeza hadi zizini na kurudi, mara sita. Alfajiri akaniletea maji ya uvuguvugu.

Ikaja. Ikaja yote kwa pamoja.

Sasa sikilizeni. Choo pale ni kimoja, kiko nyuma ya jiko, na mlangoni pa jiko amekaa mama mkwe anapeta mtama. Kwa mila zetu mkwe huwezi kukatiza mbele ya mama mkwe unaelekea chooni. Bora ufe. Nikajibanza nyuma ya ghala, nimebana miguu, nikaiambia subiri kama kawaida yangu. Safari hii ikakataa.

Bibi akaniona. Akapaza sauti kutoka mbele ya nyumba, "Mama Nyamizi, njoo, ng'ombe wameingia shambani."

Mama mkwe akakimbia huko. Hakukuwa na ng'ombe. Mimi nikakimbilia upande wa pili.

Ya ndani sitaeleza. Nilikaa muda wa kutosha kuwasamehe wale wa duara la jirani.

Kwenye chai nikala viazi vyote vilivyokuwa mbele yangu, nikaomba na kiporo cha ugali wa jana. Baba mkwe akanitazama hadi nikamaliza. Akasema tu, "Kumbe anakula." Mwezi uliofuata tukaoana.

Nilichojifunza: maji, majani, papai, kutembea, na ukiitwa nenda, usiweke miadi. Vidonge visiwe mazoea. Sasa nashuka na chupa ya maji, na dumu tupu la dharura. Masanja alicheka siku mbili, ya tatu akashuka na lake. Ila ukiona damu, unakonda, unatapika au tumbo linauma sana, achana na mganga na hata bibi yangu, wahi hospitali.

Nikienda Kishapu, wote wananisalimia mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi. Bibi peke yake, mbele ya wakwe na watoto, ananiuliza, "Umeenda?"

Nami najibu kwa heshima zote, "Nimeenda, bibi."

Haya, na nyinyi mnaosoma huku mnacheka, leo mmeenda? Semeni ukweli hapo chini.