Msiba wa Kinole na Wageni wa Ireland

Kazi niliyoitaka kuliko kitu chochote ilikuwa na pengo, na pengo lenyewe lilikuwa saa kumi alasiri ya siku ya tatu.

Nilimaliza chuo kikuu miaka ile serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walipokea barua za ajira kabla hawajarudisha majoho. Sisi tuliambiwa soko sasa ni huria, kila mtu akajitafutie. Nikarudi Morogoro na shahada ya historia, nikafikia kwa shangazi yangu Kilakala, mwalimu aliyenisomesha kwa mshahara wake na aliyekuwa amechoka kunitazama. Asubuhi alikuwa akiuliza kupitia pazia la mlango, "Historia imeamka?" Baada ya mwaka mmoja swali likawa, "Historia nayo inakula leo?" Nilicheka kila mara, kisha nikakaa kutwa nzima nikilipima swali lile, kama lilikuwa mzaha au notisi ya kuhama.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mzee mmoja aliyepunguzwa kazi kwenye shirika la umma amefungua ofisi ya utalii, nilikuwa mlangoni kwake kabla hajabandika kibao. Alikuwa na chumba kimoja karibu na soko, basi dogo lililotumika Japani, na kijitabu cha rangi alichopewa na padri. Kijitabu kilitoka Ireland. Kilieleza safari ya siku chache katika miji ya huko: kundi dogo, mwongozaji mmoja, mji, utamaduni na historia. Mzee hakuwahi kuwa mtalii popote. Alikisukuma mezani kwa kidole kama mtu anayerudisha sahani.

"Hii ifanye iwe Morogoro," alisema.

Nilikesha na kile kijitabu kwa wiki. Penye ngome yao niliweka boma la Mjerumani. Penye makumbusho yao niliweka Mazimbu, na makaburi ya wapigania uhuru waliokufa ugenini. Penye kiwanda chao cha pombe kali niliweka kiwanda chetu kimoja kilichofungwa, nikaandika kwamba kingetazamwa kwa nje. Lakini siku yao ya tatu, saa kumi, ilikuwa ya kijijini: watu wa kule wanapiga fidla jikoni kwao, wanasimulia, wageni wanaketi katikati yao. Kijitabu kiliita jambo hilo utamaduni hai. Hapo sikuwa na cha kuweka. Nilipendekeza ngoma ya kukodi, mzee akakataa. Alisema ngoma ya kukodi ndiyo wanayoiona hotelini, na kwamba kundi la kwanza lilikuwa linakuja kutoka Ireland hiyohiyo, likiongozwa na mama ambaye kwao anafanya kazi hii hii. Asingedanganyika.

"Ukilijaza hilo, kazi ni yako," alisema. "Usipolijaza, kuna kijana mwingine, Kiingereza anacho kama wewe, na haogopi watu."

Sikujua nani alimwambia kwamba ninaogopa watu. Nilifikiri labda shangazi. Nikaacha kula naye meza moja kwa siku mbili, bila kumwambia sababu.

Wageni walikuwa saba, wengi wao walimu wastaafu, na yule mama kiongozi mwenye nywele nyeupe fupi na daftari dogo aliloandikia mambo yangu. Siku ya kwanza, mjini, niliongea upesi mno. Siku ya pili, Mazimbu, niliongea polepole mno, kisha usiku nikajilaumu kwa yote mawili. Dereva wetu alikuwa Mluguru wa milimani, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani tangu siku tuliyojuana. Hakunipa nafasi ya kupumua.

"Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu vichwani," aliniambia siku ya tatu asubuhi tulipokuwa tukielekea Kinole. "Wewe umepita na Wazungu. Mzigo ni uleule, dada, umeanza kutembea tu."

Nikamwambia anyamaze, watu wa kwao wanalima mlimani hadi mtu anaanguka kutoka shambani kwake. Yule mama kiongozi aliuliza tunagombania nini. Ndipo nilipowaeleza utani: kwamba makabila fulani yana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana vitu, na hata kumwigiza marehemu msibani, na mwenye kutaniwa haruhusiwi kukasirika. Mzee mmoja wa kundi lile, mwalimu wa hesabu zamani, akaguna kwa furaha. Alisema babu yake alipokufa majirani walimkalisha kitini, wakamtia kiko mdomoni na kucheza karata mbele yake mpaka alfajiri. Sasa desturi hiyo imekwisha, alisema. Kwao imebaki kwenye vijitabu.

Mama kiongozi aliandika jambo hilo kwenye daftari lake. Nilimwona akilipigia mstari chini.

Baadaye nikawaeleza pia kuhusu ukoo wa Waluguru. Niliueleza vizuri sana, ndiyo sehemu pekee niliyoieleza vizuri siku zote tatu. Nilisema mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nilisema ardhi hupita kwa mama, na kwamba mtu hawezi kuwa Mluguru kamili kwa baba peke yake. Nilisema haya nikiwa nimeshikilia kiti, huku barabara ikitupandisha kati ya migomba na mipilipili manga.

Tulifika Kinole saa nane. Tulitazama mashamba ya viungo, wageni wakanusa mdalasini, wakala machungwa na kutia maganda mfukoni kwa adabu. Saa tisa na nusu sikuwa na kitu. Dereva ndiye aliyesema, bila kukusudia lolote, kwamba hapo chini kulikuwa na msiba, kijana ameanguka kutoka juu ya lori la ndizi, anazikwa leo. Nilimuuliza ni nani. Akasema ni mtoto wa marehemu fulani, Mluguru wa Kinole hapahapa, kijana aliyewahi kufanya kazi kiwandani mjini hadi mashine ikamla vidole vya mguu wa kushoto. Alikuwa akichechemea. Kisha dereva akaenda kutafuta maji ya kupoza injini.

Mluguru. Mtani wangu. Nilihisi kama mtu aliyepewa majibu ya mtihani.

Wanaonijua hawataamini, lakini sikufikiri. Nililolifikiri ni dogo: niliwaza kama viatu vyangu vinafaa. Niliwaambia wageni watembee nyuma yangu, wakae upande wa wanaume wazee, wasipige picha za jeneza. Na niliwaambia jambo moja zaidi, nikalirudia ili wote wasikie. Nikianza utani, nilisema, wacheke. Kucheka ndiyo heshima. Asiyecheka anamtukana marehemu.

Uani palikuwa na watu wengi na kimya kikubwa. Niliona kwamba hakuna mtani yeyote anayecheza, hakuna aliyekalia kinu wala kuficha majembe ya wachimba kaburi. Nilidhani watani wamechelewa. Nikafurahi, nafasi yote ikawa yangu.

Nguo za marehemu zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba, zimefuliwa. Nilichukua koti lake, nikalivaa. Nikaanza kuchechemea uani, mguu wa kushoto nikiuburuta, nikipiga kelele kwamba nimefufuka, nimerudi kuchukua vidole vyangu, nani kavila? Nikawauliza wazee ni lori gani la ndizi lisiloweza kumbeba Mluguru mmoja mwembamba. Nikasema Waluguru wamezoea kuanguka shambani, huyu amejifanya wa mjini, kaanguka garini.

Wageni walicheka. Walicheka kama nilivyowafundisha, kwa nguvu, saba kwa pamoja, yule mwalimu wa hesabu akipiga goti lake. Mimi nilizisikia sauti zao tu, na kwa sababu nilizisikia zao tu ningepaswa kuelewa. Niliburuta mguu mara ya pili, kwa madaha zaidi, hadi mbele ya mkeka walipokaa wanawake wafiwa.

Mama wa marehemu alikuwa katikati. Alikuwa na chale usoni, za zamani, zile za watu waliotoka Msumbiji kukata mkonge. Niliziona chale. Nilizisoma kama ninavyosoma kitabu, na mguu wangu ukiwa bado umepinda.

"Mwanangu," alisema, "wewe ni mtani wa nani hapa?"

"Wa Waluguru, mama."

"Nani Mluguru?"

Nyuma yangu wageni walikuwa bado wanacheka.

"Mimi ni Mmakonde," alisema. "Nimezaliwa kambi ya mkonge. Baba yake alinileta huku, akafa, akaniacha. Mtoto ni wangu mimi. Hapa hana ukoo. Siku mbili nimewapigia magoti hawa wazee wanipe shimo la kumlaza, maana ardhi ni ya ukoo wao na yeye si wao. Leo asubuhi wamekubali. Sasa umekuja wewe kuwaambia ni Mluguru, na wageni wako wanacheka."

Alisema polepole, kama anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani. Wanaume wawili walisimama. Mmoja alinivua koti kwa kuvuta mkono mmoja, na mwingine akasema nilipe faini, mbuzi au nini, mjini hawafundishwi? Mzee wa ukoo alikuwa akitazama pembeni, na nilimwona akimnong'oneza mwenzake, na mwenzake akatikisa kichwa. Sijui walisema nini. Kwa miaka nimejaribu kuwawekea maneno midomoni, na kila mara ninawawekea yaleyale, kuhusu kaburi.

Yule mama aliinua mkono. "Mwacheni," alisema. "Amalize. Watu wake wamelipia."

Sikumaliza. Nilisema samahani na pole kwa mkupuo mmoja, nikageuka, nikawaashiria wageni tuondoke. Walinyanyuka wakiinamisha vichwa kwa heshima. Mama kiongozi, alipopita mbele ya mkeka, alimshika mama wa marehemu mikono yote miwili na kumshukuru kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe. "Asante sana," alisema. "Nzuri sana."

Mama wa marehemu akamjibu, "Karibu tena."

Ndani ya basi walikuwa na machozi machoni. Walisema hawajawahi kuona watu wanaokitazama kifo namna ile. Mama kiongozi alisema kwao wanauza hadithi za jambo ambalo sisi bado tunalo. Dereva aliendesha bila neno. Alikuwa ameshasimuliwa kisimani, na nilitamani anitukane, anipe lolote kuhusu mizigo na pembe, lakini alitazama barabara tu. Tulipopita kijiji cha Mkuyuni aliniuliza kwa adabu kamili kama ningependa dirisha lifungwe.

Yule mwalimu wa hesabu ndiye pekee aliyeniuliza. Aliinama kutoka kiti cha nyuma, akasema kwa sauti ya chini kwamba yule mama, yule wa katikati, hakuonekana kucheka. Je, naye alikuwa sehemu ya mchezo?

Nilikuwa na barabara yote ya kurudi kumjibu. Nilipanga majibu manne. La kwanza lilikuwa la kweli, na lilikuwa fupi kuliko yote. Niliwaza kwamba nikilisema, atamwambia mama kiongozi; mama kiongozi atalifuta lile lenye mstari daftarini; mzee wa ofisi atamwita yule kijana asiyeogopa watu; nami nitarudi kwenye lile pazia.

"Mfiwa hukatazwa kucheka," nilimwambia. "Ndiyo desturi."

Akasema ni vizuri sana, akaegemea kiti chake na kulala.

Sikurudi Kinole kuuliza kama alizikwa. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi, kisha Jumamosi nyingine. Nilitunga hotuba ya kuomba radhi, nikaisahihisha, nikaiandika upya kwa sababu aya ya pili ilinihusu mimi mno. Mara moja nilifika hadi stendi, nikakaa, nikaondoka. Miezi mingi baadaye nilisikia sokoni, kwa mwanamke auzaye ndizi, kwamba yule Mmakonde ameshuka mlimani na hakuna anayejua alikokwenda. Sikumuuliza kuhusu kaburi. Nilinunua ndizi nyingi kuliko nilizohitaji.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku mbili baada ya wageni kuondoka, mzee aliniita ofisini. Alikuwa na barua ya mama kiongozi mbele yake, kurasa mbili. Alinisomea sehemu moja, akikosea matamshi, kwamba saa ile ya Kinole ilikuwa kitu cha kweli kuliko vyote walivyovipata katika safari yoyote, na kwamba makundi mengine mawili yangekuja mwakani, kama saa hiyo itakuwepo. Kisha alinipa barua nyingine, ya kwangu, yenye mhuri. Ajira ya kudumu. Nilikuwa nimeingojea barua ya namna hiyo tangu nilipovua joho, na niliisoma hadi chini, nikatafuta kosa, sikuliona.

"Hukuniambia kwamba una kipaji," alisema. Alionekana kuona haya kidogo kwa kunisifu. Akafungua kalenda, akalamba kidole. "Sasa nisaidie kupanga. Mwezi gani huko juu misiba ni mingi?"

Nilifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yangu. Nilifikiria barabara ya kule inavyokuwa mvua zikinyesha, na malaria, na watoto. Alikuwa ananisubiri, kalamu mkononi.

"Masika," nilimwambia. "Waje Aprili."