Wimbo wa Kuifukuza Mvua

Kila nikisikia harufu ya vumbi lililoguswa na mvua ya kwanza, hasira hunipanda.

Nilisoma chekechea ya Kiingereza, mojawapo ya zile zilizochipuka Sumbawanga watu binafsi waliporuhusiwa kufungua shule. Mwalimu alitufundisha wimbo wa watoto wa Uingereza, tukipunga mikono juu kama tunafukuza kuku. Maana hakutuambia, na aliyeuliza alichapwa.

Mwaka huo mvua ilikatika mahindi yakiwa kiunoni. Jioni moja, shambani kwa bibi kule Kasense, wingu zito lilijikusanya. Nikaliimbia kwa furaha, mikono juu.

"Unafukuza nini?" bibi akauliza.

"Sijui, bibi. Ni Kiingereza."

Wingu likapita bila tone. Asubuhi bibi alinishika mkono mpaka shuleni.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba. Wimbo wenu wa kupunga mikono unasema nini?"

Mwalimu akacheka. "Unaifukuza mvua, bibi. Kwao inanyesha mpaka inawachosha, watoto hawapati kucheza nje. Ni wimbo tu."

Kumbe alijua! Alijua, na kila asubuhi alitupanga mstari kwenye ule ukame, akitushikia fimbo tuifukuze mvua ya wazazi wetu.

Mahindi yalikauka. Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Lakini nilikuwa na miaka mitano, na kila ugali ulipotengwa kidogo kuliko jana, nilikuwa naikalia mikono yangu.