Nilimzika Mama Yangu kwenye Mahafali, Naye Yuko Kisarawe Anashona

Nimekosa, ndugu wasomaji, na sitazunguka. Nilimuua mama yangu mzazi mbele ya wazazi na walimu, maikrofoni mkononi, na watu wakanipigia makofi.

Mama mwenyewe mzima. Yuko Kisarawe, anashona, na juzi tu kanisema mpaka simu ikaniishia chaji.

Kwanza mnijue. Mimi ndiye mwenye tofali hapa Kibaha. Nyumba nyingi mnazoziona hapa mtaa wa Pangani, ukibomoa ukuta utanikuta humo. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba nalo nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini walionicheka darasani leo wananiita bosi. Sijisifu, nasema yaliyopo.

Mwaka jana shule moja ya huku kwetu ikaniomba niwe mgeni rasmi kwenye mahafali ya darasa la saba. Niliwapa tofali za choo, ndiyo maana. Nikashona suti. Tabu ikawa hotuba. Wageni rasmi wote niliowahi kuwasikia huanza na shida: nililala njaa, nilikwenda shule pekupeku, kisha wanamalizia na gari. Nikakaa kitandani nikazitafuta shida zangu. Hazikutosha!

Si kwamba tulikuwa na mali. Baba alichoma mkaa, mama fundi cherehani, nyumba ya udongo. Lakini Idd kwetu ilikuwa Idd. Mama alikata kitambaa kimoja akatushonea wote, tukatoka barabarani kama timu ya mpira. Pilau lake watu walilifuata kwa harufu. Sasa hapo machozi yako wapi?

Ndipo nikakiona kitabu cha hadithi cha binti yangu. Nikakisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mtoto maskini, mkesha wa Idd, kavaa gunia. Mama yake anafulia matajiri. Baridi kali, chungu kitupu. Jamani, nililia mimi mtu mzima! Nikasema shida ndiyo hii, naichukua.

Nia yangu ilikuwa nichukue gunia tu. Wallahi, gunia tu. Lakini nilipolitaja, mama mmoja wa mstari wa mbele akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Nikaongeza chungu kitupu, mwalimu mkuu akavua miwani. Nikaongeza baridi. Watu kimya chini ya turubai, na mimi sijawahi kusikilizwa namna ile tangu nizaliwe. Sasa ile hadithi haina njia ya mchepuko. Ukishaingia, mwisho wake mama anakufa asubuhi ya Idd, mtoto kamshika vidole. Nikafika pale. Ningerudije nyuma? Nikamuua, na jina lake la kweli nikalitaja. Hapa mwiteni Bi Mwanaidi.

Hotuba ikawaingia walimu kuliko nilivyotaka. Wakasema wanataka kwenda Kisarawe kuzuru kaburi. Nikasema njia mbovu, na kaburi lenyewe halina alama. Nikadhani yamekwisha. Kumbe wamekodi gari!

Walipofika kijijini kwetu, maana nilikitaja kwenye hotuba, wakasimama kwenye baraza la kwanza walipoona mtu. Ajuza mmoja, yuko kwenye cherehani. Mama ndiye aliyenisimulia.

“Shikamoo, bibi,” mwalimu mkuu akasema. “Tunaomba utuonyeshe kaburi la Bi Mwanaidi.”

“Marahaba. Kafa lini?”

“Zamani, bibi. Asubuhi ya Idd.”

“Kafa na nini?”

“Njaa na baridi.”

Mama akasimamisha cherehani. “Baridi ya Kisarawe hii?”

Wakamweleza habari za mgeni rasmi mwenye tofali, na mama akaelewa. Hakupiga kelele. Akawatandikia mikeka, akawapa chai na vitumbua, akasema kaburi liko mbali, dua isomwe papo hapo. Wakasoma. Mama akainua mikono akawa anaitikia amina, ya kwanza mpaka ya mwisho. Walipomaliza akawashukuru, akasema wamemuombea vizuri, mwenyewe kasikia kila neno. Mwalimu mkuu alikuwa na kitumbua mdomoni. Ilibidi apigwe mgongo.

Mimi niko Tumbi, huku huku Kibaha, nashusha tofali, simu inaita.

“Njoo huku, kuna msiba.”

“Nani kafa, mama?”

“Mimi.”

Nilipofika wageni walishaondoka. Nikapiga magoti, nikijua ugomvi ni wa kumuua. Hata!

“Kufa si kitu, tutakufa sote,” akasema. “Lakini mimi, fundi, mwanangu avae gunia siku ya Idd? Na chungu changu kitupu?”

Nikajitetea kwamba si maneno yangu, ni ya kitabuni, watu wa chini ndivyo wanavyoandikwa.

“Huyo aliyeandika alikuja lini akafunua chungu changu?”

Nikaahidi kwamba Idd Ndogo nitaleta mbuzi.

“Lete, umpike mwenyewe. Marehemu hapiki.”

Nikachukulia utani. Siku ya Idd nikafika na gari, mbuzi nyuma. Majirani wote wakapita na sahani zao, wanangu wakaitwa ndani, mke wangu akaitwa ndani. Mimi nikabaki garini na mbuzi, harufu ya pilau inaingia dirishani. Bosi mzima! Magharibi mama akatoka na sharti: niende kwa watu walewale nikamfufue, nikiwa nimevaa gunia. Atanishonea yeye.

Na kweli akashona. Gunia la katani, lakini lina kola, lina bitana ya satini, mifuko ina vifuniko. Lilinikaa kuliko ile suti.

Nikasimama nalo kwenye mkutano wa wazazi. Nikasema ukweli wote: pilau, nguo za sare, baba anavyocheza ngoma siku ya Idd na masizi ya mkaa shingoni. Hakuna aliyelia. Watu wakapiga miayo. Mwenyekiti wa wazazi akanivuta pembeni. “Bosi, siku nyingine turudishie ile ya kwanza. Ile ilikuwa na mafunzo.”

Ila mama mmoja alinifuata mpaka kwenye gari. Yule yule wa khanga. Alitaka kujua gunia hilo kashona nani.

Idd Kubwa nikaenda Kisarawe nimelivaa, nawashwa mgongo mzima. Mama akainyoosha kola, akanitazama mbele na nyuma, akapakua sahani ikafurika, akaniwekea mbele ya ndugu zangu wote.

“Kula, yatima.”

Hilo ndilo jina langu mpaka leo, ukoo mzima. Hata wajukuu.

Nyie mnaotafuta shida za kusemea jukwaani, nawaonya. Ukikosa zako, sema umekosa, ukae chini. Na ukiambiwa maskini ana chungu kitupu, nenda ukakifunue kwanza. Mimi sikufunua, na humo ndimo nilimokula tangu mtoto.