Kadi Iliyokuwa Njiani

Simu ilinikuta mwaloni Kibirizi, nikibishana na mama mmoja kuhusu dagaa wake. Yeye alishikilia kwamba wamekauka vizuri, mimi nilikuwa nawashika na kuona bado wana unyevunyevu. Aliyepiga alikuwa mke wa fundi wetu wa video wa Buzebazeba. Hakulia. Alisema tu, "Shemeji, fundi ametuacha asubuhi hii. Presha." Nikawachukua dagaa walivyo, na mpaka leo sijui ule mfuko niliuacha wapi. Wasomaji wangu wa Kigoma na Ujiji wengi mnamjua fundi huyo, ingawa jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hakupenda kutajwa. Kama ulifunga ndoa mjini hapa, basi yule bwana mfupi aliyepiga goti mbele ya keki, kamera begani, akikuonyesha kwa mkono usogee kidogo kwa mwenzio, alikuwa yeye. Kama kwaya yenu imewahi kurekodi pale ziwani, mkaambiwa mgeuke mpaka jua liwapige usoni, mkanung'unika, na baadaye mkaipenda video, aliyewasumbua alikuwa yeye.

Watu wengine hufuatilia mpira. Yeye alifuatilia kampuni za kompyuta. Ilikuwapo moja hasa, ile kubwa inayotengeneza prosesa, ambayo kibandiko chake utakikuta kwenye karibu kila kompyuta ya ofisini. Kwa asiyejua mambo haya, prosesa ndiyo inayofanya hesabu ndani ya kompyuta, na kadi ya picha ni kifaa kingine kinachoisaidia kubeba kazi nzito za picha. Bila kadi nzuri, ukihariri video kubwa, mashine inakwama na kupumua juu juu kama mtu aliyepanda kilima cha Kalinzi na gunia kichwani. Soko la kadi hizo lilikuwa mikononi mwa kampuni mbili, nazo zilipanga bei zitakavyo. Ile kampuni kubwa ya prosesa iliwahi kujaribu zamani kuingia, ikashindwa, ikaacha. Halafu zikaja habari kwamba inajiandaa kuingia tena, safari hii kwa nguvu zote. Rafiki yangu aliposoma hayo, hakulala vizuri kwa furaha.

"Mwandishi, hawa jamaa wana viwanda vyao, wana hela, wana wataalamu," aliniambia, ameshika kikombe cha kahawa na kusahau kunywa. "Wakiingia tu, hao wawili watashusha bei wenyewe. Nikinunua kadi leo, kesho mtanicheka."

"Na wasipoingia?"

"Wameshatangaza."

Kwake jambo likishatangazwa lilikuwa limefika nusu ya njia. Msimcheke. Kigoma imetufundisha hivyo. Tumesubiri lami, tumesubiri meli itoke matengenezoni, tumesubiri umeme wa gridi miaka ambayo wafanyabiashara wenzake walikuwa wanajikamua kununua majenereta makubwa. Yeye alikataa kununua. Alifanya kazi saa umeme ulipokuwapo, ulipokatika alilala, akasema gridi inakuja, nao wakamwita mvivu. Gridi ikaja kweli. Nakumbuka alivyopita mbele ya maduka ya wenzake akiwauliza kwa upole wa kuudhi kama majenereta yao yanafaa kufugia kuku. Siku ile, nadhani, ndiyo iliyomharibu. Aliyeshinda mara moja kwa kusubiri ni vigumu sana kumwambia kwamba safari hii asisubiri.

Ingekuwa ni harusi za watu tu, nisingeandika haya. Harusi alizimaliza, kwa mashine yake ileile ya zamani, akipunguza ukubwa wa picha ili isikwame. Lakini alikuwa na kazi moja aliyokataa kuipunguza chochote. Ilikuwa ya mama yake mzazi, bibi wa Kalinzi ambaye kwa miaka mingi alikuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo za kumuaga bibi harusi kwao. Amewaimbia mabinti wa milima yote ile mpaka wakalia, lakini yeye mwenyewe hajawahi kujiona akiimba, kwa sababu kamera siku zote ilikuwa kwa bibi harusi. Mwanawe alipopata kamera mpya alipanda Kalinzi, akamkalisha kwenye kibanda cha kuanikia kahawa, akamrekodi nyimbo zote anazozikumbuka na habari za kila wimbo. Picha zilikuwa kubwa na safi mno. Mashine ya Buzebazeba ikashindwa kuzifungua bila kuganda. Basi akazihifadhi, zisubiri kadi.

Tatizo ni kwamba mama alikuwa anapoteza macho. Daktari alishasema ugonjwa ule hauna kurudi nyuma, kilichopotea kimepotea. Siku moja nilikuwa studio bibi alipoingia, ameteremka na pikipiki kutoka juu, kanga imejaa vumbi jekundu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba," huku ananitafuta kwa mkono. Akamgeukia mwanawe, akichanganya Kiha na Kiswahili.

"Mwana wanje, ile picha yangu?"

"Inakuja, mama. Nasubiri kifaa kimoja."

"Kifaa kinatoka wapi?"

"Mbali. Kiko njiani."

"Ego, sawa. Basi kiambie kiwahi. Nataka nijione kabla haya macho hayajazimika. Nionyeshe hata kidogo tu, hivyo hivyo ilivyo."

Mke wa fundi, aliyekuwa anakata karatasi za vifuniko vya DVD, akadakia, "Muonyeshe tu, baba watoto. Ni mama yako huyo, si mteja." Fundi akatikisa kichwa. Mafundi wa video wa hapa kwetu wana sheria moja wanayoishika kuliko hata bei: picha mbichi haitoki studio. Mteja haonyeshwi kitu kabla hakijakatwa, hakijasafishwa rangi, hakijatolewa makelele. Zaidi ya yote, yeye alikuwa anaiondoa sauti yake mwenyewe. Unaporekodi unaongea, unasema sogea, cheka, rudia, na kwake sauti ya fundi ndani ya video ilikuwa uchafu sawa na nzi kwenye keki. "Mama ataiona ikiwa imekamilika," akasema. "Siwezi kumpa mama yangu mwenyewe picha mbichi." Alisema kwa mapenzi kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Ile kampuni iliingia sokoni kweli. Alikuwa sahihi, nampa haki yake. Kadi zikatoka. Nikampigia kumpongeza, nikadhani kesho yake ataagiza Dar es Salaam. Akaniambia amesoma kwamba programu za kuziendesha bado zina matatizo, angoje zitulie. Zilipotulia akasema toleo la pili liko jirani, litakuwa bora zaidi. Toleo la pili lilipokuja, dunia nzima ilikuwa imegeukia akili mnemba, ambayo nayo hutumia kadi hizohizo, kila mtu anazigombea, na wale wawili wa zamani wamezidi kunenepa. Mgeni wetu akabaki pembeni mwa soko, yupo lakini hajabadilisha tulichoambiwa atabadilisha. Kama atakuja kulitikisa siku moja au ataondoka tena kama zamani, mimi sijui, na nina wasiwasi hata wenyewe hawajui. Kampuni ina uwezo wa kukosea, ikarudi baada ya miaka, ikakosea tena, ikajaribu tena. Ina muda. Sisi wenye presha na mama wazee tunapanga maisha yetu kwa kalenda yake kana kwamba na sisi tumejengwa kiwandani.

Tulimzika Kalinzi. Siku ya kuanua matanga, watu walipokuwa wanakunja majamvi, mke wake akaniita ndani. Alikuwa amepanda na ile kompyuta ya studio, mashine nzima na kioo chake, vimefungwa kwenye mablanketi nyuma ya pikipiki. "Shemeji, nisaidie kuunganisha," akasema. Nikamuuliza kama anakumbuka sheria ya marehemu. Akanitazama. "Nimeishi na hiyo sheria, naijua. Leo namuonyesha mama, mbichi hivyo hivyo." Tukamsogeza bibi kwenye kiti karibu kabisa na kioo. Picha ikawaka, ikaganda, ikaruka, ikaganda tena. Kilionekana kibanda cha kahawa, kikaonekana kitambaa chake cha kichwani cha kijani. Bibi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Naona mwanga," akasema. "Mimi niko wapi?"

Mkwewe aliziba mdomo kwa kanga. Ndani ya kompyuta yule bibi wa miaka ile alikuwa anaimba, sauti imekatikakatika kwa sababu ya mashine, naye bibi wa sasa alisikiliza bila kuchangamka, kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Ni nyimbo zake, anazijua. Kisha wimbo ukaisha, na kutoka nyuma ya kamera ikaja ile sauti ambayo fundi angeikata kabla ya kitu kingine chochote: "Mama, umechoka? Pumzika kwanza. Inama kidogo nikufunge kitambaa, kimelegea." Bibi akashtuka. Akanyoosha mikono yote miwili, akakishika kile kioo pembeni, hivi unavyoshika uso wa mtu.

"Huyo," akasema. "Rudisha anapoongea."

Mkwewe akarudisha. Bibi akainamisha kichwa, taratibu, kama anayeambiwa sasa hivi. Tukarudisha tena, na tena, mpaka waliokuwa nje wakaingia kuona kuna nini, wakasimama mlangoni wakaanza kulia. Hakuna aliyeuliza habari za rangi. Mimi nilitoka nje, nikasimama kati ya mibuni ya kahawa, nimemkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, kwa sababu kila alichokuwa anakisubiri ili kumpendeza mama yake alikuwa nacho tangu siku ile ya kibandani.

Ndugu msomaji, kadi mpya itatoka, na nyingine baada yake, na tutaambiwa hii ndiyo yenyewe. Wacha itoke. Wewe ukiwa na picha ya mama yako, hata kama inatetemeka, hata kama kuku wanapiga kelele, mpelekee leo angali na macho ya kujiona, ukae hapo pembeni yake, akikuuliza "mimi niko wapi?" umshike kidole umwonyeshe.